Testament Waliyokataa Kusoma

Watu wanacheka nikisema niko kwa retraite. Kwao mutu wa retraite ni muzee mwenye fimbo, amekaa kwenye kiti cha plastiki akingojea redio iseme kitu. Mimi niko na mutoto anayenyonya, na mwingine anayeuliza kila saa kama bugali imeiva. Lakini kazi nimeiacha na sirudi, basi muiite munavyotaka. Wadogo zangu wawili munaochukua ile meza, naandika hii kwa ajili yenu. Mushahara tuuache, hautajaza ukurasa. Cheo pia tukiache: niliingia sekretere, nikatoka sekretere. Nataka kuwaambia kazi ilivyo, na nawaonya mapema kwamba sehemu kubwa sijaielewa mimi mwenyewe. Mukifika mwisho na nyinyi hamujaelewa, musidhani ni akili zenu ndogo.

Nilifika pale na diploma yangu ya pédagogie, ya ualimu, ndani ya mufuko wa plastiki, nikitafuta shule, si biro, ni kusema ofisi, ya sheria. Shule zilikuwa zimejaa. Nikirudi nikaona kibao juu ya mulango, nyuma ya duka la simenti, hapa Goma, kwenye njia ya Sake. Nikaingia kuuliza kama wanahitaji mutu. Maître Kasereka, mwanasheria mwenye biro, akainua kichwa. Ni Munande wa Butembo, mutu mufupi, anafunga kravati hata siku ambayo vumbi la mawe meusi linaingia mpaka kwenye meno. Hakuomba kuona diploma. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kinyarwanda unasikia?" Nikasema nasikia, ni lugha ya mama yangu. Akasema: "Kaa pale." Hiyo ilikuwa mutihani na mukataba kwa pamoja.

Mama wa kwanza aliingia asubuhi ile ile. Alitoka Kalengera, amefiwa, na familia ya bwana yake imemuambia aondoke. Maître akasema: "Muulize kama ndoa iliandikishwa kwa serikali." Nikamuuliza. Akajibu: "Ng'ombe zilitoka. Kalengera nzima iliziona zikipita kwenye barabara kubwa." Hiyo ni ndiyo ao ni apana? Nikamuangalia Maître, nikamuangalia mama, nikaona kazi yangu imeisha kabla ya saa sita.

"Mutoto," ikasema sauti kwenye pembe, "weye tafsiri ng'ombe. Maître atajua pa kuziingiza."

Huyo alikuwa Mama Léocadie, sekretere wa zamani, miwani yake imefungwa na uzi wa kushonea. Yeye njo alinifundisha kila kitu, na hakunifundisha kwa upole. Siku ile alinieleza hivi: ng'ombe zinakufanya muke mbele ya kijiji, lakini siku ya kufiwa tribunal, mahakama, inauliza karatasi ya ndoa. Ndoa ya mahari inaweza kuandikishwa kwa serikali, komine, hata baadaye, bwana na bibi waende pamoja, wote wazima. Mumoja akishakufa, unaanza kutafuta mashahidi wa ng'ombe, na ng'ombe zenyewe zimeshaliwa.

"Sasa kwa nini hawaendi komine mapema?" nikauliza.

"Kwa nini weye hukuenda?"

Nilikuwa nimeolewa mwaka huo, mahari ilitoka, komine sijui hata mulango wake. Wiki iliyofuata nilimuvuta bwana yangu kwa mukono mpaka komine, kwa état civil wanaoandikisha ndoa, akinung'unika njia nzima kama mutu anayepelekwa kung'olewa jino.

Vyombo vya kazi vilikuwa vichache. Kashe, ule muhuri wa biro, na tampon yake ya wino ambayo inakauka kila kiangazi, unaitia tone la maji, haupendi matokeo. Stylo ya bluu ya kuandikia, iliyofungwa na kamba kwenye meza, kwa sababu mutu akilia anaondoka na stylo, si kwa wizi, ni mukono tu unashika kitu. Farde za rangi za kutunzia karatasi. Printa ambayo inafanya kazi siku courant, umeme, iko, ni kusema ile siku hakuna mutu wa kuhudumia. Na Code de la famille, kitabu cha sheria ya familia, imefunikwa na plastiki ya sukari, kurasa za urithi zimekuwa nyeusi kwa vidole.

Mama Léocadie alikuwa na desturi zake. Mujane akiingia, asiulizwe kwanza kuhusu mali. Aulizwe marehemu amezikwa wapi. Kama hajui, ao hakuruhusiwa kufika, umeshajua nusu ya kesi. Usiulize hesabu ya watoto mbele ya mama-mukwe. Na ukimaliza kuandika, usomee mutu kwa lugha anayolilia, hata kama anajua Kifaransa. Mwalimu mumoja alikasirika sana kwa hilo, akasema yeye si mutu wa kijiji. Mama Léocadie akamusomea kwa Kihunde bila kumujibu. Kwenye mustari wa pili mwalimu alikuwa ameshatoa kitambaa.

Sheria yenyewe nilijifunza kama rozari. Mutu akifa, wa kwanza ni watoto wake, wote, wa ndani ya ndoa na wa nje aliowatambua akiwa muzima. Hao wanachukua robo tatu. Robo inayobaki inagawanywa kwa mujane ao mugane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Na nyumba ambamo bwana na bibi walikuwa wanaishi, anayebaki ana haki ya kukaa ndani yake. Hauzi, lakini hatolewi. Bibi za wadogo, bibi za wakubwa, wajomba, wazee wa ukoo, mutu mwenye sauti nene kwenye matanga: hawamo. Mashemeji wote wa muji huu wanadhani wao njo wa kwanza. Sheria inawaweka ndani ya robo, tena wamebanana mule na wengine.

Nilipoelewa hiyo nilikasirika, na sijatulia mpaka leo. Kwa nini hatukufundishwa shuleni? Tulikariri mito ya Ulaya. Najua wapi Danube inaanzia. Sikujua kwamba mama yangu mukubwa, aliyetolewa nyumbani kwake kule Kiwanja na masufuria yake juu ya pikipiki, hakuna aliyekuwa na haki ya kumutoa. Naye hakujua. Na waliomutoa, hapo njo nachanganyikiwa, labda na wao hawakujua. Walikuwa wanafanya vile walivyoona vikifanywa.

Jambo lingine litawasumbua: majina. Kwetu kila mutoto ana jina lake, halifanani na la baba. Baba anaitwa hivi, mutoto vile, na jaji anauliza nini kinaonyesha kwamba huyu ni wa huyu. Basi dai acte de naissance, karatasi ya kuzaliwa, kila mutoto yake. Mama atakuambia: "Lakini angalia pua!" Pua haina kashe.

Kuhusu testament, wosia wa mutu, sheria si ngumu. Mutu anaandika kwa mukono wake mwenyewe, anatia tarehe, anatia sahihi. Ao anakwenda kwa notaire wa serikali. Ao, kifo kikiwa mulangoni, anasema kwa mudomo mbele ya mashahidi. Hawezi kuwanyang'anya watoto sehemu yao, lakini kuna sehemu anaweza kumupa anayemutaka. Ndiyo hiyo. Kigumu ni kumupata mwanaume wa kuandika. Wanawake walikuja wengi, wamechelewa. Wanaume waliokuja wakiwa wazima, katika miaka yangu yote, naweza kuwapakia kwenye pikipiki moja, na pikipiki ya Goma inapakia wengi, lakini bado.

Mumoja wao alikuwa Papa Sifa.

Alikuwa mufanyabiashara wa maharagi, anazileta kutoka Kiwanja mpaka Goma. Mutu munene, mwenye kucheka kwa tumbo. Alikuwa na nyumba ya mbao Mugunga, juu ya mawe ya volkano, na shamba Kalengera kwao. Aliingia na bibi yake, Mama Sifa, ambaye alikaa kwenye ncha ya benchi kama mutu aliyeitwa polisi.

"Maître," akasema, "nataka kuandika. Dada yangu amefiwa na bwana, wamemutoa na matelas yake ya kulalia kichwani. Mimi nilienda kule nikaona kwa macho. Nikasema, ah! Kumbe na sisi tuko watu wa namna hii?"

Mama Sifa akamuvuta shati. "Papa Sifa, unaniitia balaa. Muzima haandikake mambo ya kufa."

"Wacha weye. Mutu akinunua parapluie, ameita mvua?"

"Nyumbani kwetu wangesema ndiyo."

Papa Sifa akacheka mpaka benchi ikalia. Kisha akachukua stylo, akaandika kwa Kiswahili, ulimi nje kama mutoto wa première primaire, darasa la kwanza. Aliandika kwamba nyumba ya Mugunga ni ya watoto, na Mama Sifa akae ndani, yeye njo aongoze mambo. Na shamba la Kalengera alimuachia mudogo wake, Serugendo, "kwa sababu yeye njo analilima na mugongo wake". Maître akaangalia, akasema shamba linaingia ndani ya sehemu ambayo sheria inamuruhusu kutoa. Tarehe, sahihi. Akaichukua ya kweli, sisi tukabaki na fotokopi kwenye farde. Nilijisikia vizuri siku ile. Nilisema moyoni: hii, mara hii moja, tumefika mbele ya matanga.

Halafu vita ikaingia muji. Hayo munayajua, sitaandika mabomu. Nitaandika tu biro. Tribunal ikafungwa, banki zikafungwa. Mama Léocadie alikuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya goti. Maître Kasereka akaenda kwao Butembo, akaniachia funguo na kravati mbili. Watu waliendelea kuja, maana kufa hakufungwi, na waliniuliza maswali ambayo Code haina: kashe ya mwaka jana ingali inafaa? Mutu aliyeweka sahihi amekimbia, sahihi yake imekimbia naye? Nilimupigia Maître kwa simu, akasema: "Andika kila kitu, tunza kila kitu." Nikauliza: "Kwa ajili ya jaji gani?" Laini ikakatika. Ao aliikata.

Papa Sifa alikufa katika wakati huo. Alirudi kutoka Kiwanja na tumbo linamuuma, likavimba, akapelekwa hospitali. Daktari akasema matumbo yametoboka, homa ya tifoide, imechelewa. Lakini kwetu mutu munene mwenye nguvu hafi vile. Anauawa. Na kwenye matanga, Mama Sifa, katika kulia kwake, akasema neno la kweli kabisa ambalo lilimuangusha: "Aliniachia testament."

Serugendo, yule mudogo wa marehemu, akasimama. "Aliandika? Kaka yangu? Muzima, anakula, anacheka, akaandika mambo ya kifo chake?" Akawageukia watu. "Alijuaje kwamba atakufa?"

Hakumaliza. Haikuhitaji kumaliza. Kufikia jioni, Mugunga nzima ilikuwa na neno moja: sumu. Ile karatasi tuliyoiandika ili imulinde Mama Sifa ikageuka kuwa shahidi wa kumushitaki. Mutu anieleze. Mimi nilikaa na Code kwenye magoti, nikatafuta tulikosea wapi. Hatukukosea. Tarehe ilikuwapo, sahihi ilikuwapo, mukono ulikuwa wake. Kila kitu kilikuwa sawa na mwanamuke alikuwa anaelekea kupigwa mawe.

Siku ya kuondoa matanga familia ilikaa kwenye uwanja wa nyumba, na Mama Sifa akanitumia mutu nije. Nilienda na mutoto mugongoni. Walikuwapo wazee waliotoka Kalengera, majirani, chef wa avenue, mukubwa wa mutaa, kwenye kiti cha pekee chenye mugongo. Nje ya uzio vijana walikuwa wamesimama na mikono mifukoni, aina ya vijana wasio na matanga ya kwenda lakini wanakuja.

Serugendo akasema, hata kwa sauti ya chini: "Shemeji, sikiliza. Mimi si mutu mubaya. Hiyo karatasi ya uchawi itoke, tuichome hapa. Tukiisha kuichoma, neno la sumu limeisha. Hakuna atakayekugusa."

Nikasimama. "Papa Serugendo, muisome kwanza."

"Weye uko nani?"

"Mimi njo nilikuwa pale akiandika. Muisome. Kuna maneno yako ndani."

"Ayi! Maneno yangu ndani ya kifo cha kaka yangu?" Akapiga mikono kama mutu aliyeguswa na moto. "Munasikia? Wananiandika na mimi!"

Muzee mumoja kutoka Kalengera akatikisa kichwa. "Mwanangu, maneno ya kifo yakisomwa kwa sauti yanatafuta wa pili. Haisomwi."

"Haisomwi!" wakasema wengine. Chef wa avenue akaangalia viatu vyake.

Nikajaribu tena. Nikasema: "Hata mustari mumoja. Ule wa Kalengera." Vijana wa nje wakasogea kwenye uzio, mumoja akaniambia nirudi kunyonyesha. Ningemujibu, nilikuwa na jibu la kutosha, lakini mutoto alikuwa mugongoni.

Mama Sifa akanigeukia. Karatasi ilikuwa ndani ya kitenge chake, kwenye kiuno. "Mama Josué," akasema, "nifanye aje?"

Hapo njo kazi yote ilisimama. Maître yuko Butembo. Tribunal imefungwa. Mutu anakuuliza weye, na anangojea, na watoto wake wamekaa kwenye kizingiti. Nilihesabu haraka kichwani kile ambacho sheria inampa bila testament: watoto wa kwanza, yeye kukaa ndani ya nyumba, acte de mariage, karatasi ya ndoa, anayo, actes za watoto anazo, Maître alizidai zote kabla ya kumuacha yule bwana aandike. Karatasi ikifa, nyumba haifi. Atakayepoteza ni mumoja tu, na huyo njo anashika kiberiti.

Nikasema: "Choma."

Mama Sifa aliitoa, Serugendo akaitia kiberiti, na mama akaishika mpaka moto ukafika karibu na vidole. Serugendo akasema mbele ya wote: "Limeisha." Vijana wakaondoka, wamekosa cinéma. Mimi nilirudi nyumbani. Mutaniuliza kama ni ruhusa kuchoma testament ya marehemu. Najua jibu, na nyinyi mukae mulijue. Mutaniuliza kama ningesema tena "choma". Sijui. Kila juma naamka na jibu tofauti.

Lakini "limeisha" ya Serugendo ilikuwa imeisha upande mumoja. Ili parseli, kiwanja cha nyumba, iandikwe kwa majina ya watoto, inahitaji PV, karatasi ya mapatano ya baraza la familia, na yeye alikataa kuweka sahihi. Sumu aliacha kuisema, lakini hakusema pia kwamba haikuwapo. Kisha akaanza kuleta watu. Wanakuja muchana, wanatembea na hatua ndefu kutoka jiwe mpaka jiwe, wanapima. Mara ya kwanza Mama Sifa alifunga mulango. Mara ya pili alinipigia simu.

Nilifika na hasira tangu kwenye kituo cha pikipiki. Nikamukuta Serugendo na wanunuzi wawili wenye viatu safi. Nikasahau yote niliyofundishwa.

"Papa Serugendo! Unauza nyumba ya watoto wa kaka yako? Sawa! Uza! Lakini ujue ile karatasi uliyochoma njo ilikuwa inakupa shamba la Kalengera. Lote! 'Kwa sababu yeye njo analilima na mugongo wake.' Hiyo njo ilikuwa ndani. Hiyo njo sumu yenyewe!"

Wanunuzi wakaangaliana. Mumoja akauliza: "Kwani kuna kesi hapa?" Wakaondoka na viatu vyao. Serugendo alibaki amesimama kama mutu aliyesahau alikuwa anaenda wapi.

"Unasema uongo," akasema.

"Nilikuambia uisome."

Alikuja biro baada ya hapo, peke yake, amevua kofia. Akauliza kama kuna fotokopi. Nikaitoa kwenye farde, nikamusomea kwa Kinyarwanda. Kwenye neno la mugongo akashika uso. Mulidhani nitafurahi, hata mimi nilidhani. Nilijisikia tu vibaya kwa namna nyingine.

"Hii inafaa?" akauliza, kidole juu ya fotokopi.

"Hii ni picha ya kitu kilichokufa, papa. Haifai kitu."

"Sasa shamba ni la nani?"

Nikamueleza robo tatu, nikamueleza robo. Nikamueleza nani amebanana naye ndani ya robo. Alisikiliza mpaka mwisho, na akauliza swali la akili kuliko yote niliyoulizwa pale: "Basi nani anaweza kunipa kile kaka yangu alitaka?"

"Kuna mutu mumoja wa kuanzia," nikasema. "Unajua nyumba yake. Uliipima."

Mimi mwenyewe nilimuambia Mama Sifa akatae. Nawaandikia bila haya. Nilimuambia: "Alikuita mulozi mbele ya watoto. Sheria haikulazimishi. Mwache alime akijua ni la watoto wako." Mama Sifa alikuwa anachambua maharagi, hakuinua kichwa.

"Papa Sifa alitaka apewe," akasema.

"Papa Sifa hakuitwa mulozi."

"Mama Josué, weye uko kwa sheria ao uko kwa hasira?"

Nilimupigia Maître Butembo, na mara hii laini ilikaa. Akasema mama hawezi kugawa mali ya watoto wadogo kama anagawa chumvi, ila familia nzima inaweza kutambua mapenzi ya marehemu, yote kwa pamoja, nyumba na shamba kwenye PV moja, na siku kutakuwa na jaji, jaji aangalie. "Yote kwa pamoja," akarudilia. "Asipate shamba bila kutia sahihi kwa nyumba." Basi nikaandika PV. Ilitoka maneno yale yale ya ile karatasi, mustari kwa mustari. Watu walioichoma walikuwa wanaenda kuitekeleza yote, bila kuwa na testament. Sasa testament inasaidia nini? Ao ilisaidia? Nimegeuza swali hilo mpaka limechakaa. Nawaachia.

Familia ikarudi kwenye uwanja ule ule: wazee wa Kalengera, majirani, chef wa avenue kwenye kiti chake. Vijana hawakuja; amani haina watazamaji. Nikasoma PV kwa sauti, kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili. Hakuna aliyesema haisomwi. Nikaweka karatasi kwenye meza ndogo, nikampa Serugendo stylo.

"Ngoja," akasema Mama Sifa.

Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maziwa kimejaa. Kwetu hapa, kama hamukulelewa Goma, anayekupa kinywaji anaonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hata mama yangu anaonja akinipa. Ni adabu, na kila mutu anajua adabu hiyo imetoka wapi: kwenye kuogopa sumu. Mama Sifa hakuonja. Alimunyoshea shemeji yake kikombe kizima, mikono miwili, goti limeinama kidogo kama inavyopasa, na akabaki hivyo.

Muzee wa Kalengera akafungua mudomo, akaufunga. Serugendo akaangalia maziwa. Akamuangalia Mama Sifa. Jasho lilimutoka kwenye paji, na hakukuwa na joto. Nilijua, na kila mutu alijua, kwamba akisema "onja kwanza", hakuna PV duniani itakayomutoa huyu mwanamuke kwenye mudomo wa Mugunga.

Akapokea. Akanywa kidogo. Akakishusha. Kisha akakiinua na kukinywa chote, koo linapanda linashuka, mpaka tukaona kitako cha kikombe. Akapangusa masharubu na nyuma ya mukono, akajisikiliza tumbo, na sisi wote tukalisikiliza naye.

"Shemeji," akasema mwishoni, "kuko ingine?"

"Kuko," akasema Mama Sifa. "Weka sahihi kwanza."